Hita ya Dizeli Inakula Mafuta, Lakini Kinachoizima Usiku ni Betri



Kila ifikapo Juni hadi Agosti, sisi tunaohudumia mifugo ya ukanda wa juu tunajua kazi itakuwa ipi. Ukungu unashuka jioni, upepo unapenya kwenye miiba ya boma, na mbuzi na kondoo waliopandwa mwanzoni mwa mwaka wanazaa katika miezi ileile ya baridi. Mtoto wa mbuzi anayezaliwa saa nane za usiku akiwa na maji mwilini anaweza kuwa amekakamaa kabla jua halijatoka.

Miaka hii kimeingia kifaa kipya. Ni hita ndogo ya dizeli, ileile inayofungwa kwenye malori ili dereva alale bila kuwasha injini. Siku hizi inauzwa pia ikiwa imefungwa ndani ya boksi la bati, pamoja na tangi lake dogo, mtu akaweza kuibeba kwa mkono. Muuzaji anakuambia inatumia dizeli kidogo sana, na hapo hasemi uongo. Asichokuambia ni kwamba bila umeme hita hii ni bati tupu, na kwamba umeme inaoutaka haufanani na umeme wa taa zako.

Naandika haya kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha juu wilayani Monduli, kijana mmoja alimletea baba yake hita ya namna hii kutoka mjini. Mzee aliniita niitazame. Nyumbani palikuwa na paneli ya wati 50, betri kuukuu ya 40 Ah na chaji kontrola, kwa ajili ya taa na simu. Niliangalia taa ya kijani ya kontrola, nikasema, "Mzee, hii inatosha." Sikupima chochote. Tukawatenga watoto wa mbuzi kumi na mmoja na mama zao, tukawaweka kwenye kibanda chenye hita.

Usiku wa kwanza ilifanya kazi mpaka asubuhi, na kila mtu alifurahi. Siku iliyofuata ukungu haukuondoka mpaka saa tisa alasiri. Jioni hita iligoma mara mbili kabla ya kuwaka. Saa tisa usiku mama wa nyumba alipotoka kuangalia aliikuta baridi, na kila akibonyeza kitufe feni inazunguka kidogo kisha inakufa. Asubuhi tulihesabu wanne wamekufa. Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Daktari, mashine imelala kabla yetu."

Tangi lilikuwa na dizeli zaidi ya nusu.

Umeme unakwenda wapi wakati joto linatoka kwenye dizeli

Joto lote linatoka kwenye mafuta. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati 10 kwa saa moja, na hita iliyowekwa chini hutumia kama lita 0.1 hadi 0.15 kwa saa. Kama ungetaka kupata kilowati moja ya joto kwa umeme wa betri ya volti 12, ungehitaji zaidi ya ampea 80, na betri kubwa ya 100 Ah ingekwisha kwa saa moja na kidogo. Kwa hiyo wazo lenyewe la hita ya dizeli ni zuri kwa mtu asiye na umeme wa gridi.

Lakini ndani ya hita kuna vitu vinne vinavyokula umeme. Kuna feni inayosukuma hewa ya moto na ile inayolisha mwako. Kuna pampu ndogo inayodondosha dizeli, ile inayosikika tik, tik, tik. Kuna saketi inayoongoza kila kitu. Na kuna hita plagi, mafundi wa magari ya dizeli wanaijua vizuri, inayopashwa mpaka iwe nyekundu ili mafuta yashike moto.

Feni, pampu na saketi kwa pamoja si walaji wakubwa. Hita ikiwa imewekwa chini hutumia wati 10 hadi 15. Ikiwekwa juu kabisa hufika wati 30 hadi 40. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea moja mpaka tatu na kidogo, sawa na taa chache za kisasa.

Hita plagi ndiyo tofauti. Wakati wa kuwasha, kwa dakika mbili au tatu, peke yake inavuta wati 100 au zaidi, yaani ampea 8 hadi 10. Hita nyingi huipasha tena kwa muda mfupi wakati wa kuzima, ili kuchoma mafuta yaliyobaki.

Hapa ndipo nilipokosea, na naona wengi wanakosea. Tukizungumzia betri tunauliza, "itachukua saa ngapi kuisha?" Kwa taa swali hilo linatosha. Kwa hita kuna swali la pili: je, betri na waya vinaweza kutoa ampea 10 kwa mpigo bila volti kuanguka? Ni kama kisima na bomba lake. Kisima kinaweza kuwa na maji ya kunywesha ng'ombe mia, lakini ukichota kwa mrija hutanywesha hata ndama.

Hita ina ulinzi wake. Ikiona volti kwenye ncha zake zimeshuka kufika kama 10.5 au chini kidogo, inakataa kuwaka au inajizima na kuonyesha namba ya hitilafu. Utadhani hita ni mbovu kumbe ni njaa.

Waya wa taa haufai

Kwa yule mzee, betri ilikuwa ndani ya nyumba kubwa na kibanda cha mbuzi kilikuwa hatua kama kumi na mbili kutoka pale. Tulitumia waya tuliokuwa nao, waya wa 1.5, ule wa kufungia taa.

Hebu tufanye hesabu, kwa sababu inaeleza mambo mengi. Mita 10 za kwenda na mita 10 za kurudi ni mita 20 za waya. Ampea 10 zikipita kwenye waya wa shaba wa 1.5 wenye urefu huo, zinapoteza volti 2.3 njiani. Betri iliyobakiza nusu ina volti 12.2. Toa 2.3. Kwenye hita zinafika volti 9.9, na hita inakataa. Taa yako ya wati 5 kwenye waya uleule ingewaka vizuri kabisa, kwa kuwa inavuta chini ya nusu ampea. Ndiyo maana mtu anakuja ofisini akilalamika, "Taa zinawaka, simu zinachaji, lakini hita haitaki."

Umbali huohuo ukitumia waya wa 6, unapoteza volti 0.6 tu. Lakini waya wa 6 una bei, na mita 20 ni nyingi. Ushauri wangu ni kusogeza betri badala ya kurefusha waya. Weka betri karibu na hita, mita moja au mbili, kisha waya mrefu uwe ule unaotoka kwenye paneli kuja kwenye kontrola. Paneli ya kawaida ya kuchajia betri ya volti 12 inatoa volti 17 au 18, kwa hiyo inavumilia kupoteza kidogo njiani. Kontrola ikae karibu na betri. Betri yenyewe iwe kwenye boksi lenye matundu, juu ya ardhi, mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki, kwa kuwa betri ya maji inapochaji hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Ukinunua waya, kata ncha uangalie. Kuna nyaya sokoni zenye rangi ya shaba nje na aluminiamu ndani. Kwangua kidogo kwa kisu. Ikionekana nyeupe, hiyo itakupotezea volti zaidi ya hesabu niliyotoa hapo juu. Na usisahau fyuzi, ya ampea 15 au 20 kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha hita, ikae karibu na ncha chanya ya betri.

Kontrola nayo

Chaji kontrola ndogo ina sehemu yenye picha ya taa, ambapo watu huchomeka matumizi yao. Nyingi zimeandikwa ampea 10. Hita plagi inapopashwa huku feni inazunguka, unafika au unapita kikomo hicho. Zaidi ya hapo, kontrola imetengenezwa kukata umeme ghafla betri ikishuka kufika kama volti 11, ili kuilinda. Kwa taa hakuna shida. Kwa hita ni hatari, kwa sababu hita haitakiwi kuzimwa ghafla.

Ukibonyeza kitufe cha kuzima, hita haizimi papo hapo. Pampu inasimama, lakini feni inaendelea dakika tatu hadi tano kupoza chumba cha mwako. Umeme ukikatika kabla, joto linabaki ndani bila hewa ya kulitoa, na linaunguza feni, saketi na vifaa vya plastiki. Hita iliyokatwa umeme hivyo mara kadhaa haidumu. Hita ya yule mzee ilikatwa na kontrola saa nane usiku ikiwa inawaka, na baadaye fundi alikuta plastiki ya feni imelegea kwa joto.

Kwa hiyo hita ifungwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, isipitie kontrola. Lakini ukifanya hivyo betri yako haina mlinzi tena, maana hita itakubali kuendelea mpaka volti 10.5, na kufika hapo ni kuiua betri ya maji. Mlinzi anakuwa ni wewe na mita. Mita ndogo ya kupima volti, ile ya kidijitali, haina gharama kubwa, na kwa maoni yangu ni lazima inunuliwe pamoja na hita.

Pima jioni, lakini si mara tu jua linapozama. Betri iliyotoka kuchajiwa inaonyesha volti za uongo, 13 au zaidi. Washa taa moja, subiri kama saa moja, kisha pima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 bado inafaa kuanza usiku. 12.2 ni nusu, na hapo usiwashe hita kwa kutegemea kwamba itafika asubuhi. Taa ya kijani ya kontrola achana nayo. Inaeleza kwamba kuna chaji, haielezi ni kiasi gani.

Neno moja kuhusu mifumo midogo ya sola inayolipiwa kwa siku au kwa mwezi. Mingi betri yake ni ndogo na imefungwa ndani, na tundu lake linatoa ampea chache tu. Usijaribu kuendeshea hita. Betri ya pikipiki vilevile: ina 5 hadi 9 Ah, itaiwasha hita halafu itakwisha kabla hamjalala.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuseme hita inawaka kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa 8. Ikienda kwa wastani wa wati 20, hiyo ni wati-saa 160. Kuwasha mara moja kunakula wati-saa 5 au 6, na kuzima kama 3 hivi. Umeona? Ule mpigo wa ampea 10 unaoiangusha hita, katika hesabu ya usiku mzima ni kitu kidogo. Jumla ni kama wati-saa 170, gawa kwa volti 12 upate 14 Ah.

Hesabu hiyo inabadilika ukiiacha hita ijiwashe na kujizima yenyewe kwa kufuata joto. Ikiwaka na kuzima mara nane kwa usiku, mawasho hayo peke yake yanakula wati-saa 70 au 80. Ni afadhali iwekwe chini na iende mfululizo.

Sasa ongeza vitu vya nyumbani. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 60. Simu mbili ni kama 25. Jumla yote imefika 255, ambayo ni kama 21 Ah kwa usiku.

Betri ya maji usiishushe chini ya nusu. Na katika ukanda wetu usipange kwa usiku mmoja, panga kwa usiku wa pili baada ya siku ya ukungu. 21 mara mbili ni 42, na ili 42 iwe nusu unahitaji betri ya 84 Ah, nayo dukani ni ile ya 100. Iwe betri ya sola na siyo ya kuwashia gari. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukiinywa polepole kila usiku itakufa ndani ya msimu. Betri ya lithiamu inakubali kushushwa zaidi, kwa hiyo ya 60 Ah inaweza kufanya kazi hiyohiyo, ila bei yake ipo juu na uhakikishe imeandikwa inaweza kutoa angalau ampea 20.

Paneli je? Tambarare, kiangazi, unaweza kupata jua linalolingana na saa tano kamili kwa siku. Juu, Julai, mimi napanga kwa saa tatu, na kuna siku hata hizo hazipatikani. Kati ya paneli na betri unapoteza karibu theluthi. Ukitaka wati-saa 255 zirudi, unahitaji paneli ya wati 120 au zaidi, na dukani ya karibu ni ya 150. Ile ya wati 50 ya yule mzee, siku ya ukungu, haikurudisha hata nusu ya ilichokula hita peke yake.

Wapo wanaopeleka betri senta kuchajiwa kwa jenereta. Ni sawa kwa dharura. Lakini betri ya 100 Ah ni mzigo wa kilo 25 hadi 30, na kuibeba kwa bodaboda kila siku tatu kwenye njia zetu ni kumwaga asidi na pesa. Hesabu hiyo gharama kabla hujasema paneli ni ghali.

Na soma kibandiko cha hita kabla ya kulipa. Nyingi zilizotoka kwenye malori makubwa ni za volti 24. Hiyo haitawaka kwa betri moja ya volti 12 hata iwe mpya. Itataka betri mbili zilizofuatanishwa, na kontrola na paneli za kulingana nazo.

Hewa ya juu ni nyembamba

Watu wa nyanda za juu za Ngorongoro na Loliondo wana tatizo lao zaidi. Kwenye mita 2,400 hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Tanga. Pampu ya hita inadondosha dizeli kiasi kilekile, lakini hewa ya kuichoma imepungua. Mafuta hayaungui yote na masizi yanaganda ndani, hasa kwenye kichujio kinachozunguka hita plagi. Mwanzoni unaona moshi. Kisha hita inaanza kujaribu mara mbili, mara tatu, ndipo iwake. Kila jaribio ni ampea 10 tena kwa dakika kadhaa, na kila jaribio lililoshindwa linaacha dizeli mbichi ndani. Mtu anasema betri imechoka, kumbe kilichoziba ni masizi.

Baadhi ya hita mpya zina mpangilio wa mwinuko, na nyingine fundi anaweza kupunguza mwendo wa pampu. Hata bila hivyo, usiiache ikienda chini kabisa usiku wote kwa wiki nzima. Kila asubuhi kabla ya kuzima, ipandishe juu kwa dakika 15 au 20 ichome masizi, kisha zima kwa kitufe na uiache ijipoze. Gharama yake kwa betri ni wati-saa 10 hivi. Dizeli ya kwenye chupa za barabarani ichuje kwa kitambaa kizito na uiache itulie kabla ya kuimimina, maji yabaki chini.

Usiiweke ndani ya olale

Najua watoto wa mbuzi na ndama wadogo mara nyingi hulala kwenye olale, ndani ya nyumba ileile anamolala mama na watoto. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kuiweka hita humo. Bomba la moshi la hita hii linatoa gesi ya kaboni monoksidi yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Nyumba zetu zina matundu madogo. Mnaweza kulala msiamke, nyinyi pamoja na mifugo.

Hita ikae nje, chini ya paa dogo la kuzuia mvua. Kinachoingia ndani ni bomba pana la hewa ya moto peke yake. Bomba la moshi lielekezwe mbali na mlango, upande ambao upepo unaenda, na tundu la kuvuta hewa ya mwako liwe mbali na moshi huo. Bomba la moshi linapata joto la kuunguza nyasi na samadi kavu, liwe mbali na ukuta na lisiguse mti. Kama kiungo kimelegea, usiwashe mpaka kikazwe. Kwenye jambo hili sina mjadala na mtu.

Hewa inayotoka kwenye bomba la joto nayo ni kali, mnyama asikae mbele yake. Kibanda kiwe na mwanya juu wa kutolea unyevu. Kibanda chenye joto lakini kilichozibwa kabisa, chenye mkojo na mvuke, kitakuletea vichomi, na utakuwa umetoka kwenye ugonjwa mmoja ukaingia mwingine.

Nani hasa anahitaji hita

Niseme ninavyoona mimi kama mtu wa mifugo. Kaya yenye mbuzi ishirini haihitaji kifaa hiki. Gharama ya betri, paneli na waya niliyoitaja inaweza kupita ya hita yenyewe, na pesa hiyo ingejenga ukuta wa kukinga upepo na kibanda kikavu kitakachodumu miaka. Mtoto aliyekauka, aliyenyonya na anayelala ubavuni mwa mama yake anahimili baridi ya Monduli bila mashine. Wale wanne waliokufa tuliwatenga na mama zao kwa kuiamini hita, na hilo linaniuma kuliko suala la betri.

Hita inafaa kwa kaya yenye wanyama wengi wanaozaa kwa wakati mmoja, na inafaa kwa ajili ya mgonjwa, si kwa kundi zima. Weka kona moja ya wanyonge, watano au sita, na waliobaki wakae na mama zao.

Mtoto akizaliwa, mkaushe kwa nguo au nyasi kavu kabla ya jambo lingine lolote. Hakikisha amenyonya dang'a ndani ya saa sita za kwanza. Wa kilo 3 anahitaji kama mililita 150 kwa mlo mmoja, milo minne kwa siku ya kwanza. Ukiwa na kipimajoto, pima kwa nyuma: nyuzi 39 ni mzima, chini ya 37 yuko hatarini. Aliyezaliwa sasa hivi mwenye chini ya 37, mkaushe na umpashe joto, na akiweza kuinua kichwa umpe dang'a. Lakini yule aliyepita saa tano tangu azaliwe, hajanyonya na amepoa hivyo, usikimbilie kumweka kwenye joto. Sukari ya mwilini imemwishia, na akipashwa kabla ya kupewa sukari anaweza kupata degedege na kufa mbele yako. Tuite sisi, sindano ya glukosi ndiyo inayotangulia. Na asiyeweza kuinua kichwa usimmiminie maziwa mdomoni, yataenda kwenye mapafu.

Yule mzee bado anatumia hita yake. Fundi alibadilisha feni na kusafisha masizi, mwanawe akaongeza paneli ya wati 150, na betri mpya ya 100 Ah inakaa kwenye boksi la mbao mita moja kutoka kwenye hita. Mama wa nyumba ndiye anayepima volti kila jioni na kuziandika kwa mkaa mlangoni. Ikiwa chini ya 12.4, haiwashwi, na watoto wote wanarudi kwa mama zao.

Ukitaka ushauri kabla ya kununua, njoo ofisi ya mifugo ya kata ukiwa na mambo haya: picha ya kibandiko cha hita inayoonyesha volti, ukubwa wa betri na paneli ulizonazo, umbali wa hatua kutoka betri ilipo mpaka kwenye kibanda, na idadi ya wanyama unaotegemea wazae Juni na Julai. Tutapiga hesabu pamoja mezani, na safari hii nitakuja na mita.